Ramani ya kupakua au ya mtandaoni? Tunaozunguka vijiji vya Dodoma tuongee

Fundi Pampu (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Mimi ni fundi wa pampu za sola za visima. Naishi Nkuhungu, ila kazi zangu nyingi ziko Chamwino, Bahi, Kongwa na Mpwapwa, mara mojamoja Kondoa. Natembea na pikipiki, boksi la vifaa nyuma. Wiki iliyopita kijana ninayemfundisha kazi aliniuliza aweke programu gani ya ramani kwenye simu yake. Nilianza kumjibu tukiwa kibandani tunakunywa chai, chai ikaisha sijamaliza. Nimeona nililete hapa, kwa sababu najua humu kuna madereva, manesi, maafisa ugani na watu wa utafiti wanaopita njia zilezile.

Nianze na siku iliyonibadilisha mawazo.

Mwaka juzi, mwezi wa pili, niliitwa kijiji kimoja cha ndani kusini mwa Chamwino. Pampu imekufa, watu na ng'ombe wanategemea kisima hicho kimoja. Nilitoka mjini saa kumi na mbili asubuhi nikitegemea kufika saa tatu. Kabla ya kutoka niliandika jina la kijiji kwenye ramani ya mtandaoni, ikanichorea mstari wa buluu mpaka mwisho wa safari. Nikapachika simu kwenye usukani, nikaondoka.

Kwenye lami mambo yalikuwa safi. Nilipoacha lami, kilomita kama kumi ndani, mtandao ukashuka kutoka 4G mpaka E, halafu ukakata kabisa. Mstari ulikuwa bado upo kwenye skrini, nikajua nipo salama. Nikafika penye mbuyu, njia zinagawanyika tatu. Nikashika ya katikati, kumbe ilikuwa ya kulia. Programu ikaandika kwamba inatafuta njia upya. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, skrini ikajizima. Nilipoiwasha, mstari haupo, barabara hazipo, kila kitu ni miraba ya kijivu, na ile nukta yangu ya buluu iko katikati inaendelea kutembea.

Nilikaa pale chini ya mbuyu nikiitazama ile nukta. Simu ilikuwa inajua nilipo kwa usahihi wa mita chache. Haikujua tu kuna nini pembeni yangu. Mzee mmoja aliyekuwa anaswaga ng'ombe ndiye aliyenirudisha njiani, nikafika saa nane mchana. Ndoo zilikuwa zimepangwa foleni kisimani tangu alfajiri, na kina mama walishachoka kusubiri. Sijaisahau ile foleni.

Tangu siku hiyo msimamo wangu ni mmoja: kwa mikoa yetu ya kati ramani ikae ndani ya simu, mtandao uje kama msaidizi tu. Sababu zangu ni hizi.

Kinachoitwa ramani kwenye simu ni vitu vinne vilivyofungwa pamoja: mchoro wenyewe, utafutaji wa majina, hesabu ya njia, na mahali ulipo. Hicho cha nne peke yake ndicho kinachotoka kwa satelaiti, na satelaiti hazidai bando. Kwenye programu za mtandaoni hivyo vitatu vya mwanzo vinakaa kwenye seva, yaani kompyuta ya mtu, mbali. Ukikosea njia pasipo na mtandao, simu haina wa kumuuliza. Kwenye programu za kupakua, vyote vinne unavyo mfukoni. Ukikosea njia, simu yenyewe inapiga hesabu upya palepale.

Ninazotumia ni mbili, zote huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. OsmAnd, iliyoanza mwaka 2010, ina kila kitu unachokiwaza, pamoja na mpangilio wa pikipiki, ila menyu zake zinahitaji uvumilivu. Organic Maps ilitoka mwaka 2021, mikononi mwa watu waliowahi kutengeneza MapsWithMe, programu ya ramani ya zamani. Hii ni nyepesi, haina matangazo, mzee wa miaka sitini anaielewa siku hiyohiyo. Mwaka 2025 limechipuka tawi lake linaitwa CoMaps, nalo linafanya kazi kwa namna hiyohiyo.

Zote zinateka maji kisima kimoja: OpenStreetMap, mradi wa ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast. Leseni yake inaruhusu mtu yeyote kuchukua data yote, sharti ataje ilikotoka, na akiiboresha na kuitoa kwa wengine aiache wazi vilevile. Ndiyo maana inawezekana kuipakua Tanzania nzima ukakaa nayo mwaka mzima bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa ramani za makampuni unapewa kipande cha eneo kwa muda, kwa masharti yao.

Naomba michango yenu, hasa ya wanaoniona nimekosea.

Mzigo wa Kibaigwa

Mkuu, salaam. Mimi nina Fuso, napakia mahindi soko la Kibaigwa napeleka Morogoro na Dar. Nakuelewa, lakini barabara yangu ni lami mwanzo mwisho na mtandao upo karibu kila mahali. Ninachotaka mimi ni kujua mbele kuna foleni au lori limelala barabarani. Faili la ramani ndani ya simu haliwezi kuniambia hilo hata siku moja.

Fundi Pampu (mleta uzi)

Hapo sina ubishi, kaka. Foleni ni habari ya sasa hivi, na ya sasa hivi lazima ije kwa mtandao. Kwa barabara kuu tumia ya mtandaoni. Lakini siku ukipata mzigo wa alizeti kutoka vijiji vya ndani Kondoa au Chemba, weka na hii nyingine kabla hujawasha gari.

msimbo_dom

Heshima yako mleta uzi. Mimi ni mtengeneza programu, niko hapa mjini, na nitatetea upande wa pili kidogo kwa sababu naona unasemwa vibaya.

Kwanza, upya wa data. Mtu akiongeza barabara leo OpenStreetMap, kwenye tovuti yao mchoro unabadilika ndani ya dakika chache. Ramani ya kupakua inasubiri toleo jipya. Za kawaida za OsmAnd hutoka kila mwezi, na kusasishwa kila saa ni huduma ya kulipia. Mji wetu huu unabadilika kwa kasi. Mtumba miaka michache nyuma ilikuwa pori, leo ni Mji wa Serikali. Barabara ya mzunguko ya nje, zaidi ya kilomita 110, imejengwa kipande kwa kipande. Mwenye faili la mwaka jana atazungushwa bure.

Pili, ukubwa. Programu ya mtandaoni unaifungua ikaanza kazi. Ya kupakua inadai mamia ya MB kabla hujaona hata barabara moja.

Tatu, nadhani hata ya mtandaoni inahifadhi ulipopita. Ungeitazama njia yote jioni yake nyumbani, pengine usingepotea.

Fundi Pampu (mleta uzi)

Asante mkuu, ndiyo michango niliyoitaka. Hilo la tatu naomba nikae nalo, kwa sababu ndilo linalowaponza wengi, mimi nikiwemo.

Ramani ya picha hugawanywa vipande vya mraba. Ngazi ya kukuza 0, dunia nzima ni kipande kimoja. Kila ukiongeza ngazi moja, kipande kimoja kinazaa vinne. Maana yake eneo linaloenea kwenye kipande kimoja cha ngazi ya 12 linahitaji vipande 1,024 ukifika ngazi ya 17, ambako vichochoro na njia za ng'ombe vinaanza kusomeka. Jioni nyumbani unaitazama safari kutoka juu, simu inahifadhi vile vipande vichache vya juu. Kesho porini unakuza ili uone njia panda, simu inatafuta vipande ambavyo haijawahi kuviona. Ndiyo ile miraba ya kijivu niliyoikuta. Na hata picha zote zingekuwemo, hesabu ya njia bado iko kwenye seva.

Faili la kupakua halina picha. Lina data yenyewe: mstari huu ni barabara, una jina hili, uso wake ni udongo, unaungana na ule. Simu inachora yenyewe kwa ngazi yoyote unayotaka. Kwa hiyo zile MB zimebeba na mchoro, na majina, na njia kwa pamoja.

Kuhusu upya, nakubali. Mimi nina utaratibu: Jumapili usiku nikiwa nyumbani nasasisha kabla ya wiki ya kazi. Ila nikwambie ukweli, barabara za vijijini ninakokwenda hazibadiliki kila wiki. Anayehitaji upya wa dakika tano ni mtu wa Mtumba, na mtu wa Mtumba mtandao anao.

msimbo_dom

Umeeleza vizuri, na nakiri hilo la hesabu ya njia nililipita haraka. Niongeze jambo kwa vijana wanaotaka kujenga programu zao. Zile seva za picha za OpenStreetMap zinaendeshwa kwa michango, na sera yao inakataza kupakua vipande kwa wingi ili uvitumie bila mtandao. Nimeona vijana wanaandika msimbo wa kuchota mkoa mzima, wanafungiwa, halafu wanalalamika. Ukitaka ya kupakua chukua data ghafi utengeneze faili lako. Siku hizi kuna PMTiles, ramani nzima ya eneo inakaa kwenye faili moja, na kuna MapLibre ya kuichora, mradi uliozaliwa mwishoni mwa 2020 baada ya kampuni ya ramani ya Mapbox kubadili leseni yao. Faili hilohilo unaweza kuliweka kwenye hifadhi ya mtandaoni programu ikawa inasoma vipande tu, au ukaliweka ndani ya simu. Kwa mtengenezaji, uzio kati ya pande hizi mbili umeshuka sana.

Nesi wa Chanjo

Kaka Fundi, shikamoo kwa kazi. Mimi ni nesi, natoka na timu ya chanjo vijijini. Simu yangu ina GB 16 tu, na nusu imeshajaa. Nitapata wapi nafasi ya nchi nzima?

Fundi Pampu (mleta uzi)

Marahaba dada, na wewe pole na majukumu. Huhitaji nchi nzima. Organic Maps inaigawa Tanzania kwa maeneo, chukua la kwenu tu. Kama simu ina sehemu ya memori kadi, OsmAnd inakubali ramani zake zikae huko, simu ikabaki na nafasi. Jambo moja: OsmAnd ya bure kwenye duka la kawaida la Android ina ukomo wa idadi ya ramani za kupakua. Ile ya F-Droid, duka la programu huria, haina ukomo huo.

Na kwa kazi yako kuna faida moja ambayo sijaigusa. Ramani ya mtandaoni kila unapohama inaomba seva vipande vya mahali ulipo. Kwa hiyo seva inajua unazunguka wapi, nyumba kwa nyumba. Mimi nikienda kwenye kisima si siri. Wewe unakwenda nyumbani kwa mgonjwa. Ramani ikiwa ndani ya simu, kuitazama kwako hakumfikii mtu yeyote.

Nesi wa Chanjo

Hilo sikuwahi kulifikiria hata mara moja. Asante sana.

Boda Majengo

Mkuu mbona mimi nilijaribu hizo za kupakua, bando limeisha, ikagoma kunionyesha nilipo? Ilikaa inatafuta tu. Nikaifuta.

Fundi Pampu (mleta uzi)

Mdogo wangu, hukungoja. Usilaumu ramani, ngoja nikueleze.

Simu ikiwa na mtandao inaletewa haraka taarifa za satelaiti ziko wapi angani, ndiyo maana inashika nukta ndani ya sekunde chache. Bila mtandao lazima izisome taarifa hizo kutoka kwenye satelaiti zenyewe, zilizo zaidi ya kilomita 20,000 juu. Mawimbi ya GPS ya kawaida yanaleta ujumbe kwa biti 50 kwa sekunde, taratibu mno. Taarifa kamili za satelaiti moja zinajirudia kila sekunde 30, na orodha nzima ya satelaiti zote inachukua dakika 12 na nusu. Simu inahitaji satelaiti nne angalau. Kama ulikuwa ndani ya banda la bati, au tayari uko mwendoni mawimbi yanakatika na kuanza upya, itahangaika.

Fanya hivi: toka nje, mbali na ukuta na paa, weka simu juu ya tanki la pikipiki skrini ikitazama juu, utulie dakika mbili tatu. Ikikaa muda mrefu haijatumika, au umesafiri mbali ikiwa imezimwa, ipe muda zaidi. Ikishashika mara ya kwanza, siku hiyo haikusumbui tena. Mimi naiwasha kabla sijafunga boksi la vifaa, nikimaliza kufunga imeshashika.

Boda Majengo

Sawa bro, nitajaribu tena. Nilikuwa kweli ndani ya banda la kuoshea pikipiki.

msimbo_dom

Swali langu la mwisho. Masika ya huku makorongo yanajaa ndani ya nusu saa. Ramani yako ya ndani ya simu itakupeleka mpaka ukingoni, unakuta maji. Hapo imekusaidia nini?

Fundi Pampu (mleta uzi)

Hapo mkuu umegusa kidonda, na naomba nikijibu kwa urefu, kwa sababu ndicho kinachoniuma kuliko mengine yote niliyoandika.

Maji ya leo hakuna ramani inayoyajua, wala ya mtandaoni. Lakini kwamba njia hii inavuka korongo ni jambo la kudumu, linaweza kuandikwa kwenye ramani, na sehemu nyingi huku halijaandikwa. Kwa nini? Kwa sababu barabara nyingi za vijiji vyetu zimechorwa na watu wa kujitolea walio mbali, wanaotazama picha za satelaiti. Nawashukuru kwa dhati. Crowd2Map tangu 2015 wamefanya kazi kubwa ya kuchora Tanzania ya vijijini ili wasichana wanaokimbia ukeketaji wafikiwe. Bila watu kama hao tungekuwa na karatasi nyeupe. Ila picha nyingi ni za kiangazi. Korongo letu kiangazi ni utepe mweupe wa mchanga unaopinda kati ya vichaka. Mtu aliyeko mbali atajuaje?

Mwaka jana nilifuata mstari uliochorwa kama barabara, upande wa Mpwapwa. Pikipiki ikaanza kuzama. Nilishuka, nikatazama chini: mchanga mlaini wa mto, nyayo za mbuzi, na mashimo mawili ya maji yaliyochimbwa kwa mkono, kila moja limezungushiwa miiba ili mifugo isichafue. Nilikuwa nimesimama katikati ya korongo, na ramani inaniambia niendelee mbele kilomita tatu.

Niliporudi nilirekebisha mwenyewe. Nilikuwa nimerekodi njia yangu kwa OsmAnd. Nikafungua Vespucci, programu ya kuhariri OpenStreetMap kwenye simu, ule mstari nikaubadilisha kuwa mkondo wa maji wa msimu, njia halisi nikaichora pembeni, na pale inapovuka nikaweka alama kwamba hakuna daraja, unapita majini. Kazi ya nusu saa. Faili la mwezi uliofuata lilikuja nayo.

Kwa asiyetaka kuchora kuna StreetComplete. Inakuuliza maswali mafupi ukiwa palepale: barabara hii uso wake ni lami au udongo? Jengo hili namba yake ngapi? Unajibu bila mtandao, ukirudi mjini inatuma. Mjini vibao vya anwani za makazi viliwekwa mwaka 2022 karibu kila mtaa, ila majina hayo mengi bado hayajaingia kwenye ramani huria. Mtu mmoja wa Ipagala anaweza kumaliza mtaa wake jioni moja akitoka kazini. Majina ya vitongoji ndiyo usiseme. Nyumba satelaiti inaziona, jina la kitongoji hailioni. Analijua mwenyeji.

Kwa hiyo swali lako nalijibu hivi: ramani ikikaa ndani ya simu yangu bila mimi kuirudishia nilichokiona, nayo itanipeleka ukingoni kila mwaka.

msimbo_dom

Nimekubali, mkuu. Nina wanafunzi watatu wa mafunzo ya vitendo ofisini. Nitawapa StreetComplete waanze na Nzuguni, kuzunguka stendi na viwanja vya Nanenane.

Mzigo wa Kibaigwa

Wakuu, narudi na mrejesho. Juzi nilikuwa na mzigo wa kuchukua Hombolo, nikasema nijaribu. Nilipakua Organic Maps usiku, asubuhi nikabonyeza ile alama ya kindege, mtandao wote ukazimika, nikatoka. GPS ilishika dakika ya pili nikiwa nakagua matairi. Makusudi nikapita kona ya kwanza niliyoambiwa nikate. Ilipiga hesabu upya kabla sijabadili gia.

Ila kuna sehemu moja iliniambia nikate kulia, njia ipo kweli, lakini ni ya pikipiki, Fuso haipiti. Miti imeziba juu na kushoto kuna mtaro. Nikarudi nyuma kinyumenyume mita kama mia mbili, utingo akiniongoza. Nimepiga picha. Hiyo inaandikwaje?

Fundi Pampu (mleta uzi)

Hongera kaka, na pole kwa hizo mita mia mbili. Organic Maps haibadilishi barabara, inaongeza maduka na sehemu tu. Nenda tovuti ya OpenStreetMap, tafuta mahali penyewe, kuna sehemu ya kuacha dokezo, hata akaunti huhitaji. Andika kwa Kiswahili: njia nyembamba, lori halipiti, miti na mtaro, na tarehe uliyopita. Mimi Alhamisi napita Hombolo kwenye kisima, nitaingia na futi ya kupimia niweke na upana wake.

Mzigo wa Kibaigwa

Nimeshaandika. Ukifika utaona alama za matairi yangu, mvua haijanyesha bado.